Ngoja Mpaka Salamu Ziishe

Malindi, baada ya sala ya alasiri

Saumu mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima, nyumba njema, baba yako mzima, ila mimi nina hasira nawe, na sitaki uondoke kesho bila kuzijua. Umekwenda kuwaaga shangazi zako. Mimi nimekaa barazani na karatasi hizi kwa sababu kila nikifungua kinywa unanikata, "Basi Mama, nimesikia," na wala hujasikia.

Sitakuandikia mambo ya soksi na dawa ya tumbo. Baba yako tangu asubuhi analifunga begi lako na kulifungua, kila mara akiongeza kitu na kutoa kingine, mwache ajitulize kwa njia hiyo. Wala sitakuhimiza sala, hiyo umelelewa nayo. Nataka kusema juu ya lile neno ulilolitamka jana tukiwa tunakula, huku unamega mkate wa kumimina: "Tumeambiwa tusisimamesimame kusalimiana na watu wa njiani, tunawapotezea wageni muda." Ukalisema vivi hivi tu, kama mtu anayesema chumvi imezidi. Nikainuka, nikaacha chai yangu. Nikakusikia unamwambia baba yako, "Mama naye, kila kitu kwake ugomvi."

Si kila kitu. Hili ndilo ugomvi.

Aliyewafundisha neno hilo ni nani? Ni yule yule. Amebadilisha bango la kampuni, amepaka magari rangi nyingine, amefuga ndevu na ndevu zimeota mvi, lakini maneno ni yale yale niliyoyasikia kwa masikio yangu nilipokuwa na umri kama wako. Sisi tulikuwa tukimwita Bwana Saa, kwa sababu hakuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni, alikuwa akitazama mkono wake. Uliporudi kutoka Watamu unaruka kwa furaha, umepata kazi kwake ya kuwaongoza wageni kwa miguu kutoka mlango wa mto Sabaki, kando ya mto mpaka kule kwenye mbuga, nilikuuliza neno moja tu: hukupata kwingine? Ukanijibu kwamba mtu hubadilika. Nikanyamaza nisije nikakuharibia furaha yako. Nilikosea kunyamaza.

Unajua mimi nilianzaje. Nilianza kwa kuwapikia wageni wa mabegi katika njia hiyo hiyo unayokwenda. Ndugu zangu wa Mambrui walisema mpaka wakachoka: mwanamke wa watu, wa Kiislamu, analala maporini na wanaume wasiomhusu! Bibi yako peke yake alinitetea, akawaambia wamwache mtoto, angalau kuni atazipata za bure. Nikapika msimu baada ya msimu, huku natazama nyayo na kusikiliza ndege, nikajua wapi nyati hulala na wapi nyoka kifutu hujikunja katikati ya njia asitake kumpisha mtu. Mwisho wake nikatolewa jikoni nikawekwa mbele. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza njia ile, na nilijiona, wacha nikwambie, nilijiona sana.

Wanyama hawana shida, Saumu. Wanyama wana desturi zao na hawazibadilishi kwa kuwa mgeni ametoka mbali. Nyani aliyepewa biskuti na mgeni wa leo atampiga kofi mgeni wa kesho asiyekuwa na biskuti, na wa kulaumiwa si nyani. Kiboko anayerudi kutoka malishoni alfajiri hana kesi na mtu yeyote ila yule aliyesimama baina yake na maji. Nilikuwa na mgeni mmoja, daktari wa meno, aliyetaka apigwe picha kiboko akiwa nyuma yake na mto uonekane vizuri. Nikamwambia kwa adabu, tafadhali sana bwana, rudi kidogo. Hakurudi. Nikamwambia tena kwa adabu kubwa kushinda ya kwanza. Kiboko akaguna, nami nikamkamata yule daktari ukosi wa shati nikamvutia kwenye miba, na shati likachanika mpaka mgongoni. Jioni Bwana Saa akanikaripia mbele ya watu wote kwamba mgeni hashikwi shati. Na mimi nikaomba radhi! Mpaka leo nikiikumbuka radhi ile nasikia moto kifuani. Wewe usiombe radhi. Wewe chana shati.

Sikukatazi kwenda, na usije ukawaambia shangazi zako kwamba nimekukataza. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikuchukua msituni Arabuko, tunakaa juu ya gogo kumngoja sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Watoto wenzio walikuwa wakipiga kelele na kutaka juisi. Wewe ulikuwa ukikaa kimya hata mimi nachoka kabla yako, na alipotokea anachakura majani ulinifinya mkono tu, hukusema neno. Mtoto mwenye subira kama ile anafaa kwa kazi ile kuliko watu wazima niliowahi kutembea nao. Ndiyo maana hasira zinanipanda: umeingia katika mafunzo ya mtu yule siku chache tu, na tayari anakuvua subira yako, nawe unamshukuru.

Hebu tuzungumze juu ya salamu, maana wewe umezaliwa ndani yake hata huzioni. Watu wa kwetu, kuanzia mjini hapa mpaka Jilore na kupita, hawaanzi na baya. Ukimuuliza mtu habari za atokako, atakwambia njema. Nyumba imeungua, njema. Mtoto yuko hospitali, njema. Kwanza njema, kisha watoto, kisha nyumbani, kisha shamba na mvua, naye akuulize wewe vivyo hivyo, na mkishatuliana roho ndipo inapokuja ile "ila". Ila maji yamepanda. Ila kuna chui anakula mbuzi za watu. Habari yenyewe imo katika ila, na ila huja mwisho. Wageni wanadhani tunapiga domo, na siwalaumu, hawajui. Bwana Saa anajua. Kazaliwa pwani hii hii, mama yake akisalimu mpaka chai inapoa. Mtu huyo anapowaambia vijana wasisimame kusalimiana, anajua barabara anachokikata.

Sasa kisa cha Karisa. Umekisikia kwa watu, vipande vipande, na vipande vingine ni uongo. Karisa alikuwa kijana wa Jilore, mpagazi, aliyebeba masufuria yangu tangu nilipokuwa mpishi. Alikuwa na mazoea ya kuyapiga kwa kijiko akitembea, na mimi nikimgombeza kwamba anafukuza ndege, na yeye akiniambia, "Dada Mwanahamisi, ndege wenyewe wanacheza." Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Siku ile tulikuwa tumechelewa. Mgeni mmoja alitoka malengelenge, tukakaa kumfunga miguu, na Bwana Saa alikuwa pamoja nasi safari ile, anatembea nyuma yangu na kushusha pumzi kila akitazama mkono wake. Mbele yetu akatokea Mzee Thoya, mkulima tuliyekuwa tukinunua ndizi kwake, anakokota baiskeli yenye mikungu. Njia ilikuwa kavu, mvua hazijanyesha, lakini yeye alikuwa na matope mpaka magotini, na magurudumu ya baiskeli yamejaa tope bichi. Niliyaona matope yale. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo nyote?"

"Hatujambo. Habari za huko mbele?"

"Njema. Njema kabisa. Za huko mtokako?"

"Njema."

"Na watoto hawajambo?"

Bwana Saa akaigonga saa yake kwa kidole. "Mwanahamisi, twende. Si amekwambia njema? Gumzo mtapiga siku nyingine, hawa watu hawakuja kusikiliza habari za watoto."

Nikamwambia Mzee Thoya, "Tuwie radhi mzee, leo tuna haraka." Akasema, "Haya mwanangu," lakini mkono wake ulikuwa umeinuka, kama wa mtu ambaye bado ana neno. Tukampita.

Nilijua, Saumu. Nilijua kwamba njema ile haijaisha, na kwamba mtu hapiti kwenye tope la ukingoni na baiskeli nzito ikiwa njia ni nyeupe. Niliondoka kwa sababu nilitaka wageni wanione mfanyakazi hodari, na nilitaka yule mtu nyuma yangu aache kushusha pumzi. Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo, na mimi nimeitafuta.

Mbele kidogo njia inabanwa, upande mmoja ukingo wa mto, upande mwingine kichaka cha miba na mikoma. Ndovu alikuwa pale na mtoto wake, wanaokota matunda ya mikoma. Upepo ulikuwa ukitoka kwao kuja kwetu, hawakutunusa mpaka tukawa mbele ya macho yao. Nilifanya nilivyofundishwa: nikainua mikono, nikasema simameni, asikimbie mtu. Wakasimama. Lakini mtoto wa ndovu akashtuka akakatiza njia, tukawa sisi tumesimama baina yake na mama yake. Mgeni mmoja, mwanamke mtu mzima, akarudi kinyumenyume akaanguka. Nikasikia masufuria yanabwagwa chini. Karisa alikuwa anakimbia. Akampita Bwana Saa, akanipita mimi, akamshika yule mama makwapani, akamburuta, akamsukumia ukingoni chini. Yeye hakuwahi kushuka.

Zaidi ya hapo sitaandika.

Mzee Thoya alisikia mlio, akaibwaga baiskeli, akarudi mbio na umri wake ule. Alinikuta nimekaa chini njiani. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Nilikuwa bado nakusalimu, mwanangu."

Tulikwenda Jilore kuzika. Mama yake Karisa alikuwa amekaa mkekani, na mimi sikujua pa kuweka uso, nikashikilia kile ninachokijua: nikamwamkia, nikamuuliza habari za hapa. Akanijibu, "Njema mwanangu. Karibuni. Nyie hamjambo? Mmefika salama? Mumeo hajambo?" Akaniuliza mpaka habari za mama yangu Malindi. Kisha akasema, "Ila tumefiwa." Mwanamke yule, mtoto wake amelazwa ndani, alizimaliza salamu zote. Mimi nilishindwa kuzimaliza nikiwa na afya yangu na wageni wangu na chupa yangu ya maji.

Halafu akafika Bwana Saa na magunia ya unga na sukari. Akasimama mbele ya wajomba wa marehemu akasema kampuni inasikitika sana, ila kijana alikimbia, na wapagazi wote wameshaambiwa mbele ya mnyama wasikimbie. Alikimbia! Ndiyo, alikimbia, tena mbio za kweli, lakini alikimbia kumwelekea ndovu, na yule mtu alimwona kwa macho yake mawili akimpita. Nikainuka katikati ya wanaume nikamwambia muongo. Nikamwambia tena. Shangazi yako mpaka leo anasema niliwaaibisha, kwamba msiba si mahali pa mwanamke kupaza sauti. Ningepewa nafasi nyingine, ningepaza zaidi. Wageni wengine walipitishwa pale pale kabla matanga hayajaisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa kwa nini wapagazi wanainamisha vichwa wakifika penye mikoma.

Sikurudi kazini. Mjini wakasema Mwanahamisi kaogopa ndovu. Ndovu sikumwogopa na wala simlaumu, alikuwa na mtoto wake. Nawe ukikutana naye usimchukie, mpishe. Niliyemwogopa mimi ni mtu mwenye saa mkononi, ambaye hata ukimpuliza anaanguka, na ndicho kinachoniudhi kila nikikikumbuka. Na sasa mtu huyo huyo anakula chakula cha mchana na binti yangu huko Watamu, anamwita "mwanangu", anamwambia asisalimu watu.

Nimemuuliza baba yako kwa nini hanisaidii kukusemesha. Kasema wewe si mtoto. Kweli si mtoto, na ndiyo maana nakusemesha kama mtu mzima mwenzangu. Kesho ni wewe utakuwa mbele. Nyuma yako kutakuwa na watu ambao hawajui njema ina mkia. Wanauamini mgongo wako tu, wanaufuata.

Ukikutana na mtu njiani, shusha begi. Ulishushe chini kabisa, usiliegemeze begani, maana begi likiwa chini kila mtu anajua kwamba huondoki mara moja. Waambie wageni wakae kivulini wanywe maji, na uwaambie sababu, kwamba mtu huyu ametoka kule sisi tunakokwenda. Si wajinga, wakielezwa wanaelewa, na wengine watataka kujifunza kuitikia marahaba na watakuchekesha. Halafu salimu. Watoto, nyumbani, shamba, mvua, mpaka yeye mwenyewe aone zimetosha. Akisema hakuna ila, shukuru Mungu uendelee. Ukimwona ana matope wakati njia ni kavu, au amelowa, au anahema, au amebeba kiatu mkononi, muulize waziwazi, na kama ni mzee atakusamehe ukosefu huo wa adabu.

Na wapagazi wako wajue. Majina yao ya kweli, na ya mama zao, na vijiji vyao. Bwana Saa aliwahi kuniuliza, siku ya tatu ya safari, "Yule wa masufuria anaitwa nani vile?" Mtu usiyemjua jina ni rahisi kumsemea kwamba alikimbia.

Najua utakavyosema. Utasema, Mama, nikifanya hivyo tutachelewa, atanifukuza. Ndiyo, atakufukuza. Si tishio, namjua, pengine hata safari ya kwanza haitaisha. Atakuambia mbele ya wageni kwamba hufai, na mmoja wa wageni ataandika mtandaoni kwamba kiongozi wao alikuwa mwanamke mpenda maneno. Utalia njia nzima, na mishahara yenyewe unaitaka, na wenzio watakaobaki watakuona mjinga. Hayo yote yatakuuma, nami siyafanyi madogo.

Lakini siku hiyo usishuke Mtwapa kwa rafiki zako kujificha mpaka aibu ipoe. Usingoje giza. Njoo nyumbani mchana kweupe, begi mgongoni, upite mbele ya maduka yote wakuone. Wakija kuniuliza imekuwaje, wakiwamo shangazi zako, nitawajibu mwenyewe pale mlangoni: binti yangu amefukuzwa kazi, na wote aliokwenda nao wamerudi.

Mama yako,
Mwanahamisi